Nilimwambia Kaka Barabara Imekatika

Mpendwa mshauri,

Nimeianza barua hii mara nne nikaichana, maana jambo hili sijamwambia mtu ila mume wangu, naye alisema nilizike pamoja na mama, lakini halizikiki, kila nikiinama kupiga pasi naliona, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo unihukumu. Majina nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, kwetu ni Ganda, huko Malindi, ila nimeolewa Mombasa na tunaishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili, mume wangu ni fundi wa friji na mimi ni dobi katika hoteli moja, siku sita kwa wiki napiga pasi mashuka ya wageni, na siku ya saba, ambayo ni Jumamosi, ndiyo ya mapumziko. Lakini kwa miaka miwili na nusu Jumamosi hiyo haikuwa yangu. Mama alikuwa na presha na sukari, miguu ikawa haimbebi tena, basi kila Jumamosi asubuhi nilipanda gari kwenda Ganda, nikamwogesha, nikamkata kucha, nikamfulia na kumpikia, jioni nikarudi Mombasa nikiwa hoi. Siku nyingine zote alikuwa mikononi mwa kaka yangu Laban na mkewe Zipporah, kwa hiyo sisemi mzigo ulikuwa wangu peke yangu, nasema tu nilikuwa nimechoka, na uchovu huo sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu mtu anachokaje na mama yake?

Jumamosi moja mwezi wa tano tuliamka mvua inanyesha, ile ya masika isiyopumua, maji yanashuka ngazi za nje kama bomba limepasuka. Nilikuwa nimeshavaa, mfuko wa dawa na nepi za mama nimeufunga, mwavuli mkononi. Mume wangu hakuwa na kazi siku hiyo. Binti yangu mdogo, Pola, ana miaka minane, akanishika gauni, akasema, "Mama, leo tu. Kaa na sisi leo tu." Nikasimama pale mlangoni, mshauri, nikaona miguu yangu haitaki. Nikampigia Laban simu.

Nikamwambia, "Kaka, leo siwezi kufika. Maji yamekata barabara hapo Kikambala, magari yamesimama huku na huku."

Akasema, "Basi kaa, dada. Usije ukasombwa bure. Mama tuko naye."

Hakuna aliyeniambia kuwa Kikambala kuna maji. Nililitunga hapo hapo mlangoni.

Nikavua viatu. Sijui nikuelezeje siku ile. Tulitandika godoro sebuleni, mume wangu akakaanga viazi karai, mimi nikasaga ukwaju na pilipili, halafu jirani yetu wa ghorofa ya juu, Bijal, ambaye ni mwalimu wa chekechea, akashuka na ubao wake wa keram kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na hakutaka kukaa peke yake. Tukaunyunyizia poda, tukacheza mimi na Bijal dhidi ya mume wangu na mabinti, wakatufunga, tukadai wameiba kete, tukacheka mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Nikajifunika kanga, nikalala kidogo mchana, na nilipoamka mvua bado inanyesha na watoto wangu wamelala wamenizunguka. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo kwa miaka. Naliandika hili kwa aibu.

Saa nane mchana, tumerudi kwenye keram, simu ikalia. Laban. Akasema, "Dada, mama amechoka kidogo leo, ulimi wake mzito. Nafikiri nimlete huko Mombasa kwa daktari wake. Jirani amekubali kunipa gari. Barabara imefunguka?"

Mshauri, mama alikuwa na siku zake za kuchoka, tulishazizoea, na Laban alizungumza taratibu kwa sababu mama alikuwa karibu anasikia, hakutaka kumtisha. Na mimi nilikuwa na kete mkononi na watu wote wananiangalia. Ningesema imefunguka, ningelazimika kuvaa, kwenda hospitali, kukaa benchi mpaka jioni. Nikasema, "Bado, kaka. Mpe uji apumzike. Mje kesho asubuhi."

Akasema, "Haya."

Asubuhi ya Jumapili alinipigia analia. Mama hasemi, mdomo umekwenda upande. Alimkimbiza hospitali ya karibu, nami nikatoka mbio Mombasa, nikapita Kikambala barabara kavu, nikafika mama ameshafunikwa. Daktari alituambia ni kiharusi, kisha akasema mbele ya ukoo mzima, "Mngemleta jana ulimi ulipoanza kuwa mzito, pengine tungekuwa na la kufanya." Watu wote wakamgeukia Laban.

Msibani ikawa mbaya zaidi. Mjomba wetu Baya, kaka yake mama, alimwambia Laban mbele ya watu, "Ulikaa na mgonjwa ndani ukiogopa mvua?" Laban akajibu, "Barabara ilikatika, mjomba. Dada aliniambia." Hapo binamu yetu Hannah akasema, kwa upole tu, hakuwa na nia mbaya, "Mbona mimi nilitoka Mombasa Jumamosi hiyo hiyo mchana, na barabara ilikuwa inapitika?" Laban akanitazama. Sikuona lawama machoni mwake, alikuwa anangoja tu nimsaidie. Nami nikasema, "Labda ilikuwa jioni, maji yameshapungua, Hannah. Au umechanganya siku." Mjomba akatema mate chini akaondoka.

Sasa ni miezi miwili. Zipporah alinipigia juzi akasema, "Wifi, njoo uzungumze na kaka yako, mimi nimeshindwa. Hali chakula. Shamba limejaa magugu. Anashinda amelala kitandani kwa mama, na jana kaniambia, mimi ndiye niliyemuua." Na mjomba Baya ameitisha kikao cha ukoo, ni wiki mbili kutoka leo, anataka Laban aondolewe katika nyumba ya mama kwa sababu, anasema, mtu aliyeshindwa kumtunza mwenye nyumba hafai kuachiwa nyumba.

Mume wangu anasema ninyamaze, mama hatarudi, na nikisema nitauvunja ukoo. Juzi mvua ilinyesha, Pola akapanda juu akaazima keram kwa furaha zake, nilipoiona nikamzaba kofi. Hakujua kosa lake. Alikaa pembeni akiurudisha unga wa poda ndani ya kopo kwa kidole.

Naomba uniambie, ninyamaze au niseme? Na je, nilikosea kufurahi siku ile?

Mimi mwenye majuto,
Mombasa.

*

JIBU

Dada yangu, pole kwa kufiwa na mama. Pole hiyo naitanguliza kwa sababu yanayofuata ni makali kidogo.

Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo jepesi. Hapana, hukukosea kufurahi. Mwanamke anayepiga pasi siku sita na kuuguza siku ya saba, akakaa siku moja ya mvua na watoto wake, akala viazi na kucheza keram, hajamdhulumu mtu. Ungemwambia kaka yako, "Leo nimechoka, siji," pengine angenung'unika, pengine angekuelewa, na siku yako ingebaki kuwa yako. Hukutaka kuonekana umechoka. Hapo ndipo ulipoponzeka.

Sasa tuuzungumzie uongo. Wa mlangoni ni uongo mdogo, na anayesoma ukurasa huu akidai hajawahi kusema wa aina hiyo, simwamini. Wa saa nane ulikuwa mzito kuliko ulivyojua, na kwa kuwa hukujua, nakuonea huruma. Lakini wa msibani, dada, ulikuwa unajua kila kitu. Kaka yako alikutazama akiomba msaada ukamwacha azame, na binamu yako aliyesema kweli ukamfanya aonekane amechanganyikiwa. Huo usiuchanganye na uchovu. Hapo uliogopa, ukamtanguliza mwingine mbele ya kiboko chako.

Sitakuambia kwamba mama angepona. Mimi si daktari, na hata daktari alisema pengine. Wala sitakuambia kwamba ulimuua, maana hukumuua, kiharusi ndicho kilichomuua. Mume wako anasema mama hatarudi, na hilo ni kweli. Ila Laban yupo, na anakwisha. Anajiuliza kila siku kwa nini hakuwasha gari, na jibu analo mtu mmoja tu duniani.

Kwa hiyo utasema, tena kabla ya kikao. Omba ruhusa kazini, nenda Ganda katikati ya wiki. Jambo hili si la simu. Mume wako asikusindikize kwa ajili ya kukutetea. Keti na Laban na Zipporah, useme, "Barabara haikukatika. Nilikudanganya asubuhi, nikakudanganya mchana, na msibani nikakuacha ulaumiwe." Ukimaliza, nyamaza. Usitie "lakini." Habari za miaka miwili na nusu ya uchovu ni za kweli na zina haki ya kusikilizwa, ila si siku hiyo. Na tafadhali usilie mpaka ikawa yeye ndiye anayekubembeleza.

Ukitoka hapo nenda kwa mjomba Baya umwambie maneno yale yale, na kwenye kikao uyarudie mbele ya wote, kwa sababu Laban alilaumiwa mbele ya wote. Hannah mwombe radhi kwa jina lake. Laban akikufukuza, ondoka. Akikutukana, sikiliza.

Na leo, kabla hujafanya lolote katika hayo, mwite Pola. Mwambie kofi lile halikuwa lake.

*

Kikao kilikuwa karibu kuliko siku ya kuchapishwa ukurasa huu, kwa hiyo jibu langu nilimpelekea kwanza kwenye simu yake. Baada ya siku kumi na sita aliniandikia haya, akaruhusu yachapishwe:

"Mshauri, nilikwenda Jumatano. Laban alikuwa barazani anapukuchua mahindi, amekonda, mashati yanamwelea. Nilisema kama ulivyonielekeza. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha. Halafu akauliza, 'Saa nane nilipokupigia, mlikuwa mnafanya nini?' Nikasema, tulikuwa tunacheza. Akauliza, 'Mlikuwa mnacheka?' Nikasema ndiyo. Akanyanyuka, akaingia nyumba ya mama, akafunga mlango. Niliketi pale barazani saa nzima. Zipporah akanisindikiza mpaka barabarani, gari lilipokuja akasema, 'Umechelewa, wifi. Lakini umekuja.'

Kwenye kikao nilisimama nikasema yote. Mjomba Baya alikaa amejiinamia, kisha akamwambia Laban, 'Nyumba ni yako, mwanangu, mimi nilikosa.' Shangazi mmoja aliniambia nisikanyage tena pale. Hannah alinijibu kwamba alijua tangu siku ile ya msiba, alikuwa ananingoja. Laban hakunitazama hata mara moja. Zipporah anasema siku hizi anakula, na amerudi shambani. Nikimpigia hapokei. Nimempigia mara kumi na moja. Nifanyeje?"

Acha kumpigia, dada yangu. Umefanya jambo gumu, na nimefurahi kusikia Laban anakula. Lakini kusema kweli hakumlazimishi akusamehe, na kila simu unayopiga unamdai jibu ambalo hana. Mwache.

Jumamosi moja kwa mwezi nenda Ganda. Shangazi asikuzuie, kwani mwenye nyumba ni Laban, na akisema yeye usije, ndipo usiende. Msaidie Zipporah kazi utakayoikuta, palilia, chota maji, ukikaribishwa chakula kula, uondoke mapema bila kuuliza kitu. Asipokutazama mwaka huu, nenda na mwaka ujao. Inawezekana asikutazame kabisa, nawe jiandae kwa hilo pia.

Jumamosi zilizobaki kaa nyumbani kwako na watoto, inyeshe isinyeshe. Na mtu akikupigia simu kuuliza mbona huonekani, mwambie umechoka.