Vitabu vya Ukunga Viko Kabatini, Wifi Anavitaka

Mshauri mpendwa, nakuja kwako kuomba msaada, ila nikwambie mapema kwamba sijakosea popote, nataka tu unifundishe namna ya kumtuliza wifi yangu. Mimi ni mkutubi wa maktaba ya umma, na mwaka jana maktaba za mkoa wetu, yaani ya kwetu, ya mahakama, ya shule ya wasichana na ya chuo cha uuguzi anayoisimamia wifi, ziliungana tukawa na orodha moja ya vitabu na gari la kuvizungusha, msomaji wa huku akikosa kitabu anaazimiwa cha kule, na mimi nilipiga makofi kama wenzangu, lakini vitabu vyangu vikaanza kurudi kurasa zimekunjwa, kimoja kikarudi na doa la chai, nikasema basi, vile vizuri nikavifungia kabatini na kwenye orodha nikaandika viko kwa fundi wa majalada. Sasa wanafunzi wa wifi wanakaribia mtihani wa ukunga, na vitabu vipya vya ukunga mkoa mzima ninavyo mimi tu. Jumapili amekuja kwetu, tumekula, tumecheka, kisha akasema, "Wifi, nielekeze huyo fundi wako nimfuate mwenyewe, watoto wa watu wanalia huko chuoni." Nikamjibu fundi anaumwa. Mume wangu akadakia, "Basi twende wote tukamjulie hali." Mshauri, nilipaliwa na maji! Mimi nawalindia wasomaji wangu, kama yule mjane aliyetaka kunyang'anywa nyumba na shemeji zake, nilihangaika mpaka nikampatia kitabu cha sheria za mirathi kutoka maktaba ya mahakama, na leo yuko kwake kwa amani. Sasa wifi nimwambie nini?

Mlinzi wa Vitabu

Mlinzi,

Pole kwa doa la chai. Linauma, sikatai. Lakini dada yangu, umejitetea barua nzima na mjane wako mwenyewe amekuumbua. Kitabu kilichomwokoa kilitoka kwa nani? Mkutubi wa mahakama angekuwa na kabati kama lako, yule mama leo angekuwa analala kwa jirani. Ukipewa wewe ni ushirikiano, ukiombwa ni ulinzi? Acha hizo.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mezani kwako. Mpigie wifi leo, kabla kaka yake hajaenda kumjulia hali mgonjwa asiyekuwepo. Mwambie, "Wifi, vitabu ninavyo, niliogopa vitaharibika, nisamehe." Atanuna. Mwache anune, ana haki.

Kisha fungua kabati, kila kitabu kirudi kwenye orodha. Hilo la kuharibiana vitabu lipeleke kwenye kikao cha wakutubi, useme waziwazi: aliyeazima kikachanika atakitengeneza au ataleta kingine, na garini vikae kwenye masanduku yenye vifuniko. Hapo nakuunga mkono, maana ungesema hivyo mapema tusingefika huku.

Ila vya ukunga usisubiri gari, vipeleke mwenyewe kesho asubuhi. Hao wanafunzi ndio watakaowapokea wajawazito wa mkoa wenu, pengine na binti yako. Siku mtoto atakapotanguliza miguu, mkunga atakuwa na kile tu alichokisoma.