Kiti cha Nyuma

Dada yangu,

Huku tu wazima, ila ng'ombe mwekundu anachechemea. Ulisema Baba akipata mashine ya kufunga nyasi, nitakuwa huru kuja kwako kujifunza ushonaji. Basi jana kainunua, ya mtumba.

Kwa fundi wa matrekta zilikuwepo mbili, bei sawa. Ya kijani yenyewe hufunga marobota kwa kamba; dereva peke yake anatosha. Nikaanza kupanga nguo zangu kichwani. Ya pili ina kutu, na nyuma ina kiti kidogo cha chuma.

"Mzee, hii fundo lake ni la mkono," fundi akamwambia. "Lazima mtu akae hapa nyuma, afunge kila robota."

Baba hakunitazama. Akasema, "Mtu yupo."

Nikazipangua nguo. Usimlaumu sana, tangu Mama atutoke hajazoea kula peke yake. Leo nimemkuta akikishonea kile kiti mto, kwa sindano yangu, vidole vyote kajichoma. Akaniambia nikikalie nijaribu.

Dada, ni laini mno.

Mdogo wako