Nenda Ukasome Aite

Baba,

Ejok. Hapo najua ungevuta ile ejok-noi yako ndefu mpaka aliyekusalimu asahau alichokuja kukuambia. Mimi sijasahau. Nimekuja na habari, na leo utanisikiliza mpaka mwisho, maana huko uliko huna mbuzi wa kukimbilia.

Nakuandikia kwa Kiswahili, kile ulichojisifu kwamba ulikiokota sokoni Lodwar bila kumlipa mwalimu. Kusoma hukujua, basi nitakusomea mwenyewe nikija Namoruputh, kwa sauti, hapo ulipolala. Wapita njia wakisema nimepagawa, waseme tu.

Kwanza, nyumbani ni wazima. Mvua ilinyesha Loima na mbuzi wamenona. Mama amerudisha shanga zake. Alizivua siku tulipokuzika, nikawa nikimwangalia shingoni naona kama mtu nisiyemjua. Sasa zimerudi zote, na yeye amerudi kugombana na majirani. Nikimsikia hivyo roho yangu hutulia.

Sasa habari yenyewe. Baba, nimeacha duka. Lile duka la dawa za mifugo pale Lodwar, nililofanyia kazi mpaka nguo zangu zote zikanuka dawa ya kupe, nimeliacha. Nimehamia Kakuma na ninasomea kompyuta. Haya, cheka.

Cheka, kwa sababu unakumbuka tulivyoanza. Mwenye duka alileta kompyuta ya kuandikia mauzo, ikawa inagoma kila mara, na mimi ndiye nikawa naifungua na kuibembeleza mpaka inawaka. Nikajikuta naipenda kuliko dawa. Nikaja Namoruputh kukuambia. Tayari ulikuwa umelala, kifua kinakusumbua. Nikasema, Baba, nataka kwenda kusomea IT. Nilisema IT, ile ya Kizungu, ya mashine. Wewe ukasikia aite, ya kwetu. Ng'ombe! Ukajiinua kwenye ngozi ukaniuliza, "Miaka yote hii unawauzia dawa, bado hujawajua?"

Nilijaribu kukueleza, haki ya Mungu nilijaribu. Nikasema kompyuta, nikasema mashine, nikakuonyesha simu. Ukatikisa kichwa ukasema, "Ndiyo, ndiyo, aite," kisha ukaagiza wazee waitwe. Ukawaambia binti yako ameamua kusomea ng'ombe mpaka mwisho wa ng'ombe. Wazee walifurahi! Wakanitemea mate ya baraka, mate yenye tumbaku, kwenye paji la uso na kifuani, mmoja baada ya mwingine, na wewe ukawa wa mwisho. Ukanishika kichwa kwa mikono miwili ukasema, "Nakiru, nenda ukasome aite, na asikushinde." Mikono yako ilikuwa moto kwa homa. Ningeanzaje kukusahihisha mbele ya wazee wote wale? Nikaitikia, ndiyo Baba. Mwezi haukuisha ukatuacha.

Nilikulilia. Nililia mpaka Mama akaniambia nimwachie na yeye nafasi.

Halafu nikabaki na baraka ya ng'ombe. Usinicheke hapo. Unajua kwetu mtu haanzi safari kubwa bila mkono wa baba kichwani, na mkono uliowekwa kichwani mwangu ulikuwa umenituma njia nyingine. Tena habari ilikuwa imeenea Loima yote. Nikiwa nasoma tangazo la kozi kwenye simu, simu inaita: "Daktari, aite wangu hali nyasi tangu jana." Namwelekeza, nakata, narudi kwenye tangazo, na bado nasikia harufu ya tumbaku usoni.

Na kozi zenyewe, weh! Ni kama soko la mbuzi, kila muuzaji anaapa wake ndiye mwenye afya. Moja ilikuwa hapo Lodwar, ya kuchapa na kupanga hesabu, inaisha haraka na mwisho unavalishwa joho. Ya pili ilikuwa ya mtandaoni, mtu wa suti na tai anaahidi nitalipwa dola kabla hata sijajua kuwasha laptop vizuri. Ya tatu ilikuwa Kakuma, kutengeneza kompyuta na kuunganisha mtandao, mwaka mzima, na lazima uhamie huko. Leo naitaka hii, kesho ile, na kila nikitaka kuamua nasikia sauti yako: nenda ukasome aite. Kichwa kikaniuma kwa kuchagua bila kuchagua.

Nikaenda Kakuma kujionea. Huko nikampata Furaha, Mkongomani, mama wa rika langu aliyemaliza kozi ile na sasa anafundisha wanaoanza. Nilifika nikakosa hata la kuuliza, akaniuliza yeye: "Dada, weye unatafuta kazi ao karatasi?" Nikasema kazi. Akaniambia basi kila shule niiulize mambo mawili: waliomaliza wako wapi sasa, na siku ya kwanza nitashika nini mkononi. Nikapiga simu hapo hapo, yeye akisikiliza. Wa Lodwar walikuwa waungwana, wakasema miezi ya kwanza ni kuandika tu kutoka ubaoni. Yule wa suti, kusikia nauliza waliomaliza wako wapi, alikata simu.

Furaha akanipa bisibisi na kompyuta iliyokufa. Nikaifungua, na ndani ni vumbi, Baba! Vumbi la kutosha kupanda mtama. Nikalipuliza, nikapangusa, nikachomoa na kurudisha kila kilicholegea, nikabonyeza. Ikawaka. Nilipiga vigelegele mpaka watu wa darasa jirani wakaja kuchungulia nani kaolewa. Furaha akacheka akaniuliza sasa nangojea nini.

Nilikuwa nakungojea wewe. Sikumwambia hivyo, angenionaje.

Nikarudi Lodwar, na kesho yake nikaenda Namoruputh kwa Mama. Nikamweleza yote: kwamba baraka niliyopewa si ya kazi ninayoitaka, kwamba labda wazee waitwe upya, na kwamba wakikataa nitarudi dukani ninyamaze. Mama akaweka chini shanga alizokuwa akitunga. Akaniangalia kama anayetazama mbuzi aliyenasa kichwa kwenye sufuria, kisha akaanza kucheka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu utuache, Baba, akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Wewe unafikiri baba yako hakujua? Alijua vizuri sana. Aliniambia, nikiwaambia wazee ni mashine, wataniuliza mashine gani, nami sijui kueleza, na mwisho watakataa. Lakini ng'ombe, nani ataniuliza ng'ombe ni nini?"

Mzee mjanja wewe! Umelala hapo, homa imekushika, na bado unawazungusha wazee wa Loima wote kwa ng'ombe ambaye hayupo! Na tumbaku yao nzuri ikaishia usoni pangu! Nikaanza kucheka, Mama akaanza upya, tukacheka na kulia pamoja mpaka mbwa akatoka kutazama kuna nini. Kumbe ulipokuwa unatikisa kichwa ukisema ndiyo, ndiyo, ulikuwa unanielewa. Ulinielewa, Baba. Nilidhani umekufa bila kujua mtoto wako anataka nini, kumbe ulijua, na mkono ule wa moto ulijua unanituma wapi. Siwezi kukueleza furaha niliyoipata siku ile. Nilimpigia Furaha simu nikiwa bado nafuta machozi, nikamwambia aniwekee nafasi.

Sasa niko darasani. Tumechanganyika Waturkana, Wakongomani, Warundi, Wasomali. Mtu akiuliza swali linazunguka lugha zote ndipo limfikie mwalimu. Mimi ndiye mkubwa wao wote, vijana wananiita Mathe, yaani mama yao, na wakikwama na waya wananikimbilia. Simu za Loima hazijakoma. Juzi nilitoka nje kumjibu mtu wa ndama anayeharisha, nikarudi nikakuta somo limesimama, wote wanataka kujua kama ndama atapona. Alipona.

Nimebakiza moja. Wiki ya kwanza tuliambiwa kila mtu atunge nenosiri, yaani neno la kufungulia mashine yake, ambalo mwingine hawezi kulikisia. Vijana wakaweka majina ya wapenzi wao, Furaha akawakemea. Akafika kwangu akauliza kama langu nalo ni jina la mwanamume. Nikamwambia hapana, ni la maksai. Nimeweka jina la yule maksai wako wa madoa, uliyempinda pembe kwa mkono wako ili apendeze na kumwimbia nyimbo ambazo Mama hakuwahi kuimbiwa. Silitaji hapa, maana barua hii nitaisoma kwa sauti na Namoruputh ina masikio. Wewe unalijua.

Nakuahidi nitamaliza. Mwaka ukiisha nitakuja na kompyuta yangu begani, niwaite wazee, niwaambie ukweli wote na kuwawashia waione. Wakikasirika nitawaonyesha ulipolala, wakugombeze wewe. Lala salama, Baba. Nimekukosa sana, hasa nikiwa na la kuchekesha.

Usidhani nimewaacha ng'ombe, lakini. Kila asubuhi naketi mbele ya mashine, na hainifungulii chochote mpaka nimwite wako kwanza. Namwita, na kila siku anaitika.

Binti yako,
Nakiru