Asikusomee Katekista

Kijijini, 10 Februari 1975

Mjukuu wangu Josefina, mke mwenzangu,

Hujambo huko shuleni? Mimi sijambo, ila magoti yananisengenya. Anayeniandikia ni Katekista Polikarp. Kuandika bado, lakini kusoma sasa najua, kisomo cha watu wazima kimenikolea. (Polikarp anakohoa. Mwache akohoe.) Soma, usinitie aibu.

Bibi yako,
Epifania

Sumbawanga, 2 Machi 1975

Shikamoo Bibi,

Magoti hayajambo? Nashukuru umejua kusoma, maana haya asikusomee Katekista. Nina mimba. Nimefukuzwa shule. Niko hapa mjini, Kizwite, kwa rafiki yangu Rozina. Naogopa kuja mpaka uniruhusu. Niandikie neno moja tu: njoo. Usipoandika, nitajua umenikataa.

Mjukuu wako,
Josefina

Sumbawanga, 6 Aprili 1975

Shikamoo Bibi,

Natumaini u mzima. Nimengoja, nimeelewa. Rozina anahamia Kipili kwa mumewe, naenda naye. Sitakusumbua tena.

Josefina

Kijijini, 19 Agosti 1975

Josefina mama,

Kama unapumua, nashukuru. Mimi mzima wa mwili tu.

Huu mkono ni wangu. Nilikudanganya. Kisomo nilikwenda siku moja. Niliandika E ikatazama nyuma, wanawake wakacheka, nikasema nitarudi kesho. Kesho nikawa na kuni. Kesho nikawa na pombe ya kukoroga. Barua zako nilizitia kwenye kikapu cha mbegu za ulezi. Ningempa Polikarp, angejua mimi mwongo.

Matuta ya ntumba, yale ya kufukia nyasi, sijawahi kuyachelewesha hata mwaka mmoja. Udongo ukikauka jembe linaruka, najua. Basi si uvivu, mama. Niliona haya kuonekana mjinga, na kila siku niliyokwepa, haya ikaongezeka.

Mwezi wa sita, baada ya mavuno, nilikwenda kutia mbegu mpya nikaziona barua. Nikarudi ubaoni, mzee mzima. Wakacheka. Nikawaambia chekeni, mkimaliza mnionyeshe E. Herufi moja kwa siku, kama tuta moja.

Neno la kwanza kulisoma kwenye barua yako ni Shikamoo. Nikapiga vigelegele peke yangu, mpumbavu mimi. Jana nikafika kwenye mimba. Nikafika kwenye njoo. Usiku nikamaliza na ya pili, nikakuta Kipili.

Sikukukataa. Sikukusoma.

Huenda mtoto ameshazaliwa. Nimefunga unga wa ulezi na kitenge cha kumbebea. Hapa niliandika nitakuja kesho. Nimefuta. Lori la Kipili linapita leo mchana, kibao chake nitakisoma mwenyewe.

Barua hii siitii posta. Naileta mkononi, nikishindwa kusema uisome mbele yangu.

Bibi yako,
Epifania