Majani Matatu ya Ua la Irene

Baba Irene,

Ugali uko kwenye hotipoti. Kuku wasiingie ndani.

Lile ua la zambarau la dirishani si kahawa! Asubuhi nimekukuta na mkasi wa kupogolea, umelikata limebaki kisiki, eti lichipue upya kama mibuni yetu. Majani umewatupia mbuzi. Miaka minne nalilea, tangu tumzike mwanetu. Irene alilipanda mwenyewe, kwa jani moja tu.

Nimewanyang'anya mbuzi majani matatu. Nimechomeka vikonyo vyake kwenye mchanga, ndani ya kopo la siagi, nikafunika na chupa iliyokatwa. ~~Usiliguse hilo kopo.~~

Naenda Ibaba kwa dada Fortunata. Irene aliwahi kumpa jani la ua hilo, akalipanda. Nampigia tangu saa moja, simu haipatikani. Kama na lake limekufa, sijui nitaingiaje tena humu ndani.

Ulitaka kunisaidia, najua. Ndiyo maana nimeshindwa hata kukugombeza.

Mchanga ukikauka, weka maji kijiko kimoja, pembeni, yasiguse majani. Weka kwa mkono wako. Na wewe ni baba yake.

Mama Irene