Mafuta ya Taa Nyekundu

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Darasa la pili asubuhi, shamba la ujamaa mchana, kisha kanisani. Kama kila siku. Nilipiga magoti mbele ya tabernakulo, kile kisanduku cha kutunzia Ekaristi. Taa yake nyekundu inawaka, kwa hiyo Yesu yumo. Nilimwambia lilelile: Deusi apone. Mume wangu amelazwa Bukoba, tumbo limevimba, wanasema atapasuliwa. Mwalimu mkuu kaninyima ruhusa. Anayempikia ni wifi yangu wa Bilele. Mimi niko huku Kagoma napalilia mahindi ya kijiji.
Mafuta ya taa yameisha tena nyumbani. Tumekula gizani. Nadhani mama mkwe anayanywa.

Alhamisi, 8 Agosti
Kondakta wa basi kaleta salamu za wifi. Kupasuliwa ni Jumamosi. Naogopa. Darasani nimeandika ubaoni kumi toa saba ni nne, watoto wakanakili wote.
Kanisani nilikaa mpaka magoti yakafa ganzi. Nikaitazama ile taa. Yumo, ananisikia. Nikatulia kidogo.

Jumamosi, 10 Agosti
Leo ndiyo leo. Nimeshinda kanisani. Mama mkwe alikuja akaketi nyuma. Hakusali. Alinitazama tu. Mwanawe yuko kwenye kisu, yeye kanikodolea macho mimi. Nimemchukia.
Hakuna habari.

Jumapili, 11 Agosti
Katekista karudi kutoka kozini. Mwisho wa ibada katangaza: tusipige goti mbele ya tabernakulo, ni tupu. Padri alihamishia Sakramenti parokiani mafundi walipoanza kubomoa paa la hapa kwetu. Tangu mwezi uliopita! Taa aliizima mwenyewe. Sasa nani anaiwasha?
Watu wakatazamana. Mama mkwe akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.
Nyumbani nikamkabili. Akasema, "Mwana wange, nilikuona unakuja kila siku. Ningeiachaje taa izimike?" Akalia. Nami nikalia, kwa hasira. Alijua ni tupu. Na mafuta yetu ndiyo hayo.
Jana Deusi kapasuliwa, nami nabembeleza kisanduku kitupu.

Jumanne, 13 Agosti
Kondakta tena. Deusi ameamka! Ameomba ndizi, daktari kakataa. Nilicheka peke yangu barabarani.
Halafu nikachanganyikiwa upya. Nani alinisikia? Kama Mungu alinisikia bila kuwemo mle, basi tabernakulo ya nini? Kama hakunisikia, Deusi kaponaje? Na wapo waliosali mahali Alipokuwemo, taa ikiwaka kihalali, na bado wakazika. Simwelewi. Nikimuuliza katekista atasema nikaungame.
Mama mkwe nimemwambia habari. Alikaa chini palepale uwanjani. Bado sijamsamehe vizuri.

Alhamisi, 15 Agosti
Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Baada ya shule nilipita kanisani. Taa imezimwa. Mama mkwe alikuwemo, peke yake. Safari hii anasali.
Nilipiga goti, nikakumbuka hamna kitu, nikaona aibu. Sikuinuka. Nilisema asante kwa sauti ndogo, sijui kuelekea wapi. Mama mkwe akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi.
Nyumbani leo taa imewaka mpaka tumemaliza kula.