Litungu Lisilotaja Mtu

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Wamejibu! Nimeisoma barua pepe yao nikiwa kwenye mashine ya fotokopi hapa Bomani, karatasi za mteja zikatoka mbili mbili, akafoka. Afoke tu! Mwaka mzima natuma biti kwa hizi maktaba za muziki – zile zinazowauzia watu wa filamu na matangazo – na mwaka mzima ni kimya, au ile ya "asante, kwa sasa hapana". Biti zangu zinafanana na za kila mtu, najua. Kilichowashika safari hii ni mjomba Nchagwa na litungu lake, kile kinubi cha kwao. Nilimrekodi Julai kwake Mbalibali, uani, na kuku wakisikika. Mimi nimeongeza besi kidogo tu.

Anayeshughulika na mimi ni Gloria, wa Nairobi. Kapiga simu saa saba. Anasema ngoma ni moto, hajawahi kusikia kamba zinanguruma vile. Ila sauti ya mzee itoke. Wanataka ala tupu, mtu asiongee juu yake. Hiyo ni kazi kidogo tu, Ezra, si ndiyo?

Kazi kidogo! Hamjui mjomba.

Jumanne, 3 Septemba

Nimempigia. Shikamoo, marahaba, ng'ombe wazima, mvua bado. Nikamwomba arudie kupiga, safari hii asitaje mtu. Akaniambia nirudie, nikarudia.

Halafu: "We mura, kijana wangu, unataka nimzike nani?"

Nilijua atasema hivyo. Kwa ukoo wa mama, litungu linataja watu. Unaingia kwenye mji wa mtu, unapiga, unamtaja mwenye mji, baba yake, hadi fahali wake. Kupiga mdomo umefungwa ni siku moja tu, siku ya kumaliza msiba. Ukishapiga, kamba zinakatwa zote na litungu linakaa uchi mwaka mzima. Aliyeomba lipigwe ndiye anayekata kamba ya mwisho. Ya mama niliikata mimi. Mjomba alinishika kiwiko.

Kwa hiyo hapana. Na Desemba ana harusi zake, ndizo zinazomlisha. Yaani nimekosa hivi hivi!

Alhamisi, 5 Septemba

Gloria tena. Wakubwa wake wanafunga orodha Jumatatu ya tarehe 16. Ama ala tupu, ama nafasi apewe mwingine. Wageni kama mimi wako wengi, eti.

Kuna programu ya kutenganisha sauti na ala. Nimeishusha. Najaribu tu. Kujaribu si kosa.

Ijumaa, 6 Septemba

Imefanya kazi. Vizuri mno – ndiyo shida. Pale katikati mjomba huwa anaita: "Scholastica! Scholastica wa Magige, mbona umeacha mlango wazi!" Ni mama yangu huyo, dada yake. Sasa pale pako kimya, kamba zinatembea zenyewe. Nzuri, nzuri kabisa, na sikutaka kuisikia mara ya pili.

Nimetuma kabla roho haijageuka.

Jumapili, 8 Septemba

Tumegombana. Dada yangu Wegesa alikuwa anapepeta mchele, mimi nimesahau kuchomeka hedifoni. Akaacha ungo. "Mbona mjomba hamtaji mama?" Nikamweleza. Akasema nimemfuta mama. Nikasema sijafuta mtu, nimefuta sauti tu, na mjomba hakupiga kimya, kompyuta ndiyo imepiga kimya!

"Haya, kamwambie mjomba hivyo hivyo."

Sijamwambia. Kanisani leo sijasikia hata neno moja la mahubiri.

Jumatano, 11 Septemba

WAMEIKUBALI! Ya kwanza! Nimeruka mpaka nikagonga kichwa kwenye rafu ya madaftari.

Ila kila aliyepiga ala lazima asaini mkataba kwa mkono wake. Nampigia mjomba – hapatikani. Mchana hapatikani. Jioni hapatikani. Mimi siamini mambo haya, kwamba litungu la kimya linazika mtu; nimebatizwa, nimepata kipaimara. Lakini leo nimepiga hiyo namba hadi simu imepata moto. Nampigia na kumwomba Mungu hapo hapo. Wegesa ananiangalia tu.

Alhamisi, 12 Septemba

Mzima! Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa. Kapiga kwa simu ya jirani, anacheka mwenyewe. Nami nikacheka hadi machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko. Kanambia njoo Jumamosi nitie saini yako hiyo, uje na sukari.

Nilitaka kumwambia. Sikumwambia.

Jumamosi, 14 Septemba – Mbalibali

Naandika nimekaa kwenye jiwe kando ya zizi, mjomba namwona pale uani. Sijui pa kwenda.

Nimefika saa nne, gari hadi Mugumu, halafu bodaboda, vumbi hadi masikioni. Mjomba alifurahi! Ugali wa mtama, maziwa ya mgando, kwanza kula bwana. Kisha akaomba kalamu. Nikasema mjomba, tusome kwanza. Akacheka.

"Mtoto wa Scholastica ataniibia nini?"

Akasaini. Polepole, herufi kubwa, ulimi nje kama mwanafunzi. Mimi nilikuwa naangalia chini. Kisha akasema: "Haya, na mimi nijisikie."

Ningeweza kusema simu imezima. Nilikuwa nao huo uongo, uko mdomoni kabisa. Nikampa hedifoni.

Mwanzo alitabasamu, mguu ukawa unapiga chini. Ilipokaribia katikati akavuta pumzi, akafungua mdomo ili amwite mama pamoja na ile sauti yake. Akangoja. Mdomo ukabaki wazi. Mguu ukasimama. Akavua hedifoni, akaikung'uta kama imeingia mchanga.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasikiliza tena, macho kwenye litungu lililotundikwa ukutani.

Nikasema yote. Gloria, programu, tarehe. Nikasema mjomba, wewe hukupiga kimya, ni kompyuta. Akauliza: vidole vya nani? Nikasema vyako. "Basi nimepiga."

Hakufoka. Heri angenichapa! Nilimwambia naichana karatasi sasa hivi, mbele yake, wala Nairobi siitaki tena. Akasema saini yake haichanwi, ameshaiweka. Na kilichopigwa kimepigwa.

Ameingia ndani, ametoka na kisu. Nikalia kabisa, mtu mzima mimi. Mjomba, harusi za Desemba je? Utakula nini? Akajibu kwamba harusi watapiga wengine. Ameliteremsha litungu, ameliweka mapajani kama alivyoliweka siku ile ya mama, na ameanza upande wa kamba nene. Kila moja ikikatika inalia kidogo. Kuku hawashtuki. Mimi nashtuka kila mara.

Simu imetetema. Gloria: "Wakubwa wamepagawa na hiyo ngoma! Wanataka zingine tano kama hiyo, kabla ya Krismasi. Mwambie mzee akae tayari."

Mkataba uko mfukoni kwangu. Kuupiga picha na kuutuma ni dakika moja, mtandao upo.

Imebaki kamba moja. Amesimama. Ananiita kwa jina langu, sauti ya kawaida tu, kama anayeita mtu aje kula. Kisu amekishika kwenye makali. Mpini ameuelekeza kwangu.